Modesta na kompyuta ya Gare iliyogoma kila baada ya mvua

Saa moja kasoro asubuhi mlango wa ofisi ya kikundi unafunguliwa, na ukungu unaingia kabla ya watu. Modesta Shekivuli anaacha mabuti yake yenye tope kizingitini, anaingia na soksi, anavuta kiti chenye mguu uliofungwa waya na kukaa mbele ya kompyuta. Anafanya ishara ya msalaba, ndogo, kama mtu anayepangusa vumbi kifuani, kisha anabonyeza.

Nje barazani wakulima wamesimama na majembe na visu vya kuvunia. Wengine wameshuka kutoka juu kabisa ya bonde, na pindo za nguo zao zimelowa umande. Wanaongea Kishambaa kwa sauti ya chini, kama watu wanaongoja misa ianze.

"Imefunguka?" anauliza mwanamke mmoja dirishani.

"Subiri, Mama Amina. Ndiyo kwanza inapiga hodi."

Mwanamke huyo ni Rukia Hozza, mkulima wa karoti. Anakaza macho kwenye kioo cha kompyuta ingawa kwa pale alipo haoni kitu, mwanga wa dirisha unamzuia. Haondoki.

"Imekaribishwa," anasema Modesta, na uso wake unalegea. "Karoti zinatakiwa. Hoho zinatakiwa. Kabichi wanataka nusu ya jana."

Barazani watu wanaanza kutawanyika. Mmoja anaimba. Mwingine anamtania mwenye kabichi kwamba leo akaogeshe ng'ombe. Ni asubuhi ya kawaida Gare, milimani Lushoto, na kila mmoja anaiona ni ya kawaida. Lakini masika yaliyopita asubuhi kama hii nusura ipotee moja kwa moja, na watu wengi walikuwa wameshakata tamaa nayo.

Modesta ana umri wa miaka thelathini na saba, mama wa watoto watatu, mkulima wa pilipili hoho, na ndiye fundi wa mfumo wa kompyuta wa Kikundi cha Mboga cha Mshikamano chenye wakulima zaidi ya mia moja. Kazi yake ni kuhakikisha kompyuta ya Gare inazungumza kwa usalama na kompyuta ya kampuni moja ya Tanga inayopeleka mboga kwenye hoteli na shule za bweni. Kikundi humpa posho ya shilingi elfu themanini kwa mwezi. Kinachopungua anakitafuta shambani.

"Watu wakisikia fundi wa kompyuta wanafikiri nabadilisha vioo vya simu," anasema huku akicheka. "Mimi nashughulika na mlango. Mlango ukikataa kufunguka, natafuta kwa nini."

Mlango anaousema ni ule ambao programu hupitia kufikia kompyuta nyingine, na wenzake wa kazi hiyo huuita soketi. Programu ya kikundi ameiandika mwenyewe kwa lugha ya PHP, ile inayotumika kutengenezea tovuti nyingi. Kila asubuhi programu hiyo hufungua soketi salama hadi Tanga, huchukua oda za siku, na hurudisha jibu kwamba kikundi kimekubali.

Ukimwomba akueleze, hakutupii maneno ya kitaalamu. Anakuuliza wewe ni wa dhehebu gani.

"Wewe Mkatoliki ukihamia parokia nyingine, utabisha hodi kwa paroko useme mimi ni Mkristo, nimebatizwa. Yeye atakwambia karibu, cheti kiko wapi? Ataangalia jina, ataangalia muhuri wa parokia ulikotoka kama anaufahamu, ataangalia na tarehe. Vikikaa sawa, ndipo mnaongea mambo mengine. Walutheri nao wana utaratibu wao wa utambulisho, ni hivyo hivyo. Na kompyuta ni hivyo hivyo. Ya Tanga inaonyesha cheti, ya kwetu inakikagua. Ikiridhika, wanaongea kwa siri na hakuna wa katikati atakayeelewa. Isiporidhika, inafunga mlango. Na mimi naishukuru inapofunga, maana ndiyo kazi yake."

Kazi hiyo hakuisomea chuoni. Alipomaliza kidato cha nne alikwenda Tanga kuuza kwenye duka la vifaa vya ofisini. Mwenye duka, ambaye yeye humtaja kwa jina moja tu la Martin, alikuwa akitengenezea watu tovuti kwenye chumba cha nyuma. Wateja wakipungua alimwacha Modesta akae pembeni atazame.

"Hakunidai chochote, na hakunitazama vibaya. Alikuwa akisema, dada, andika hapa, bonyeza, ikikataa soma imesema nini. Ikikataa tena, soma tena. Yule baba nimemweka kwenye sala zangu mpaka leo."

Baba yake mzazi alipougua, Modesta alirudi Gare kumuuguza, na baba alipofariki hakurudi tena Tanga. Kikundi kilipopata kompyuta ya mtumba, yeye ndiye aliyejua kuiwasha.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Oda zilikuja, fuso lilipakia jioni, wakulima waliacha kuwauzia walanguzi waliokuwa wakija na bei yao mfukoni na kupima kwa macho. Kisha masika yakaingia, na mlango ukaanza kukataa.

Haukukataa kila siku, na hapo ndipo palipokuwa na mateso. Siku tatu ungefunguka vizuri, ya nne ungegoma tangu asubuhi. Programu ingetoa ujumbe ule ule wa kwamba uhakiki wa cheti umeshindikana, basi. Halafu karibu na saa tano mlango ungefunguka wenyewe kana kwamba hakuna kilichotokea. Lakini saa tano ni kuchelewa. Kampuni hugawa oda mapema, na kikundi kisichojibu hadi saa tatu, oda yake huenda kwa kikundi kingine.

Watu waliangalia wakaona jambo moja wazi: siku za kugoma zilikuwa asubuhi zinazofuata usiku wa mvua kubwa.

"Tukasema ni mnara wa simu unalowa," anasimulia Rukia. "Wengine wakasema ni waya. Mimi nilikuwa nikisikia mvua juu ya bati usiku, najua kesho hakuna oda."

Mwenyekiti wa kikundi, Edgar Singano, ni mtu mrefu mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya bonde, na utani wake huwa unachoma kidogo.

"Fundi, hii kompyuta yako ni paka?" alimwambia Modesta mbele ya watu. "Ikiona maji inakimbia!"

Watu walicheka. Modesta naye alicheka. Lakini aliporudi nyumbani, anasema, alimenya viazi vya chakula cha jioni bila kuona anachomenya.

Alijaribu yote aliyoyajua. Alihamisha modemu ikakaa dirishani. Aliangalia kama mtandao upo, akakuta upo. Alijaribu kufungua tovuti ya kampuni kwa simu yake ya mkononi, ikafunguka bila ubishi, ukurasa wa mbele na picha za nyanya. Ila simu haikuweza kujibu oda, kwa sababu ufunguo wa kikundi umo ndani ya programu ya ofisini.

"Hapo nikajua si mtandao. Simu iko hapa, kompyuta iko hapa, mnara ni mmoja. Simu inakikubali cheti, kompyuta inakikataa. Kwa hiyo kompyuta yetu ndiyo yenye neno."

Alifikiri amelipata neno lenyewe. Kila kompyuta hutunza faili lenye orodha ya mamlaka ambazo mihuri yake inaaminika. Faili la kompyuta ya Gare lilikuwa la zamani. Modesta alipakua jipya, akaielekeza PHP ilisome hilo, akajaribu. Mlango ukafunguka! Alikwenda kanisani akawasha mshumaa.

Wiki iliyofuata mvua ilinyesha, na asubuhi mlango ukagoma.

Alibadilisha toleo la PHP. Mlango ukafunguka, akashukuru, mvua ikanyesha, ukagoma. Alifuta maktaba ya usimbaji, ile inayoyafunga mazungumzo yawe siri, na kuiweka upya. Mlango ukafunguka, akashukuru kwa sauti ndogo zaidi, mvua ikanyesha.

Leo anaelewa kilichokuwa kikimdanganya. Kila alipoanza kutengeneza asubuhi, kazi ilimchukua hadi karibu na saa tano, na saa tano mlango ulikuwa ukifunguka hata kama angeshinda amelala. Alikuwa akiponya mgonjwa aliyekuwa anapona mwenyewe.

Mambo yalifika ukingoni wiki moja ya mwishoni mwa Aprili. Kampuni ilipiga simu kwa Edgar. Sauti ilikuwa ya heshima, anasema Edgar, na ndiyo maana aliiogopa. Oda zimekosa majibu mara nyingi. Zikikosa tena wiki hiyo, zitahamishiwa kikundi cha wilaya nyingine hadi mwakani.

Wakati huo Rukia alikuwa na karoti zilizokomaa kwenye shamba alilolikodi. Mume wake ana ugonjwa wa mgongo na hawezi kuinama. Alikodi shamba lile kwa kutegemea oda za Tanga, na kodi ya pili ilikuwa inangoja mavuno.

"Karoti haimsubiri mtu," anasema. "Ikipita siku zake ardhini inapasuka, inakuwa na moyo mgumu kama kuni. Mlanguzi alishapita mara mbili kutazama. Hakusema kitu. Alitazama tu akatabasamu. Afadhali angetukana."

Alhamisi asubuhi mlango uligoma. Modesta alimpigia Jamali, kijana wa Tanga anayetunza mfumo wa kampuni. Wamekuwa wakisaidiana kwa simu tangu mwanzo bila kuonana, na hawaanzi mazungumzo bila kuchokozana.

"Wasambaa mnaendeleaje huko mawinguni?"

"Tunawaonea huruma nyie mnaotokwa jasho hata mkikaa. Kaka Jamali, mlango umekataa tena."

"Dada Modesta, vikundi vingine vyote vimeingia asubuhi hii. Ni nyie tu."

"Najua ni sisi. Sijui ni nini."

Jamali alishusha sauti. Kisha akatoa ushauri ambao mafundi wengi wa PHP huufahamu na wengi huutumia. "Zima uhakiki. Mstari mmoja tu. Iambie programu isikague cheti, itafunguka hapo hapo. Mimi sijasema, lakini wewe una shida."

Edgar alikuwa amesimama nyuma ya kiti na alisikia.

"Si umeambiwa? Zima!"

"Mwenyekiti, nikizima, mtu yeyote anaweza kusimama katikati akasema yeye ndiye Tanga, na sisi tutamwamini. Humu humu ndimo zinamopita namba za simu za malipo za wakulima wote. Akibadilisha namba, hela inakwenda kwake na sisi tunaendelea kupakia kabichi."

"Nani huyo atakayehangaika na kabichi zetu?"

"Simjui. Ndiyo maana mlango una kufuli."

"Fundi, kufuli linalomfungia mwenye nyumba nje ni kufuli gani?"

Modesta alivuta kiti karibu na meza. Anakiri kwamba mkono wake ulikwenda hadi kwenye kibodi. Aliuona mstari wenyewe kichwani, ulivyo mfupi. Rukia alikuwa dirishani kama kawaida yake, na Modesta alimgeukia akamuuliza kwa Kishambaa kama angeridhika namba yake ya malipo ipite njia isiyo na kufuli.

"Nilimwambia kama ni juu yangu, asiondoe kufuli," anakumbuka Rukia. "Nilisema hivyo, halafu nikaenda nyuma ya ofisi nikalia. Maana nilijua nimejifungia na karoti zangu."

Edgar alimpa Modesta hadi kesho yake. Ijumaa saa tatu oda isipojibiwa, jioni kungekuwa na kikao, na kikao hicho kingekuwa cha kuwarudia walanguzi.

Usiku wa kuamkia Ijumaa mvua ilinyesha kwa hasira, na umeme ukakatika bonde zima.

Modesta anasema alisali rozari akilala, na hakuomba mlango ufunguke. "Niliomba nione. Nilishachoka kubahatisha. Nikasema, Mungu wangu, nimeshika kila kitu kwenye ile mashine, nionyeshe nilichokipita."

Asubuhi alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Siku hizo alifika ofisini baada ya kuwapeleka watoto shule, akikuta kompyuta imeshawashwa. Ijumaa hiyo aliwaacha watoto na baba yao, akashuka na tope hadi ofisini, akafungua kwa ufunguo wake wa akiba, akakaa kwenye gunia tupu pembeni ya meza, akaamua kutazama kila kinachofanyika tangu mwanzo bila kugusa chochote.

Aliyekuwa akifungua ofisi ni Kristofa Mntambo, mzee wa miaka sabini na kitu, mpiga kengele wa kanisa. Watu wa Gare hurekebisha saa zao kwa kengele yake, na yeye anajua hivyo. Kwa kuwa ndiye mtu anayeamka mapema na asiyesahau, kikundi kilimkabidhi ufunguo, na Modesta mwenyewe alimfundisha kuwasha kompyuta.

Aliingia, akashangaa kumkuta mtu.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Leo umelala humu?"

"Nimewahi. Fanya kazi yako, mimi nipo tu."

Mzee Kristofa aliwasha. Umeme ulikuwa umerudi alfajiri. Kompyuta ile ni kuukuu, na betri yake ndogo ya ndani, ile inayoisaidia kukumbuka siku na saa hata ikizimwa, ilishakufa zamani. Kila umeme ulipokatika, mashine iliamka imesahau leo ni lini, ikauliza. Hilo Modesta alilijua. Ile njia ya kompyuta kujiulizia saa mtandaoni ilizimwa miaka ya nyuma ili kuokoa bando, na hilo pia alilijua. Ndiyo maana alimfundisha mzee kuandika tarehe na saa, na mzee hakuwahi kukosa hata siku moja.

Mzee alivaa miwani. Aliandika tarehe kwa kidole kimoja, akaikagua. Kisha akakunja mkono wa koti, akatazama saa yake ya mkononi, na kwa uangalifu mkubwa akaandika moja, nukta mbili, sifuri, tatu.

Modesta aliinuka kutoka kwenye gunia.

"Babu, hapo umeandika saa ngapi?"

"Saa moja na dakika tatu. Kwani sasa hivi ni saa ngapi?"

"Ni saa moja na dakika tatu, babu."

"Basi!"

Modesta alianza kucheka akashindwa kuacha. Alicheka hadi akashika meza. Mzee aliudhika kidogo, akanyoosha mkono wake ili saa ionekane. Ni saa ya mishale, na yeye, kama wazee wengi wa huku, ameiseti kwa hesabu ya Kiswahili: jua likichomoza na siku ikianza, ikifika saa moja mshale mfupi unasimama kwenye moja. Saa ile haina kosa. Kengele ya Gare haijawahi kuchelewa kwa ajili yake.

"Babu, wewe huna kosa. Ni hii mashine haijui saa za Kiswahili. Kwake yeye hii ni saba. Ukiiambia moja, inadhani ni usiku wa manane bado."

Mzee alivua miwani, akaitazama kompyuta kwa muda.

"Imekaa hapa Gare miaka mingapi?"

"Mitano."

"Na bado haijajifunza?"

Hapo, anasema Modesta, walicheka wote wawili, na kila kitu kikajipanga kichwani mwake. Zamani cheti cha kampuni kilikuwa kikidumu miezi, na kompyuta kurudi nyuma saa sita hakukumdhuru mtu. Lakini kabla ya masika kampuni ilianza kutumia vyeti vya siku moja, kipya kila alfajiri. Asubuhi iliyofuata usiku wa umeme kukatika, kompyuta ya Gare ilikuwa ikiamini bado ni usiku, na cheti kilichoanza alfajiri ilikiona ni cha wakati ambao haujafika. Ikafunga mlango. Kufika saa tano mchana, nayo kwa hesabu yake ikafika alfajiri, ikaridhika, ikafungua, na programu, ambayo kila ikiingia Tanga huisawazisha saa ya kompyuta na ya kule, ikaiweka sawa hadi umeme ukatike tena.

Mvua haikuwa na kosa. Ilikuwa ikikata umeme tu.

"Na mimi nilikuwa naiona ile saa kila siku," anasema Modesta. "Iko pale chini kwenye kona ya kioo. Siku za kugoma naingia saa mbili na nusu, naiona imeandika mbili na nusu. Macho yangu yakasema sawa. Mgeni yeyote angeshtuka. Sisi wa hapa hakuna ambaye angeshtuka, ndivyo tunavyosema kila siku."

Alibadilisha moja ikawa saba. Aliwasha programu. Edgar alikuwa ameshafika mlangoni, mikono nyuma, uso wa mtu aliyekuja kuthibitisha msiba. Barazani watu walikuwa wachache kuliko siku zote.

Programu ilipiga hodi. Ikakaribishwa.

"Oda ya kwanza ilikuwa karoti," anasema Modesta, na hapa anatazama pembeni, anapangusa jicho kwa upande wa kanga. "Sijui kwa nini ilikuwa karoti. Ingeweza kuwa chochote."

Rukia hakungoja kusikia kiasi. Alikuwa ameshaanza kukimbia kuelekea shambani na ndala mkononi, na Edgar kwa sauti yake ile ya ng'ombe akawa anamfuata na idadi ya magunia mteremko mzima, hadi bonde zima likajua.

Alipotulia, Edgar alirudi ofisini akamkuta mzee Kristofa amesimama, kofia mkononi. Mzee alikuwa ameshafikiri na kuelewa ni mkono wa nani ulioandika zile saa masika mazima. Alianza kusema kwamba ufunguo atauacha mezani.

Modesta alimkatiza. "Babu, ungekuwa unachelewa, au unakisia, tusingegundua mpaka leo. Ulikuwa unakosea vile vile kila mara, kwa dakika kamili. Ndiyo maana nimeona."

Edgar alimtazama mzee, akamtazama Modesta. "Basi paka haogopi maji," alisema. "Alikuwa amelala tu, kwa sababu ameambiwa ni usiku." Kisha akamrudishia mzee ufunguo mkononi, akaukunja mkono wake kwa mikono yake miwili.

"Hongea, mwanangu," mzee alimwambia Modesta kwa Kishambaa, akimshukuru.

Modesta alinunua betri mpya, kitu kidogo kama kifungo cha koti. Pia aliandika ukurasa mfupi wa PHP ambao sasa hufunguka kabla ya kitu kingine chochote: unamuuliza mzee Kristofa ni saa ngapi kwa Kiswahili, asubuhi, mchana, jioni au usiku, na wenyewe unafanya hesabu. Mzee huujaza kila siku hata umeme usipokatika. Anasema mashine imeanza kushika, lakini haijakomaa vya kutosha kuachwa peke yake.

Jamali aliposikia alicheka kwenye simu hadi Modesta akalazimika kuiweka mbali na sikio. Lakini siku chache baadaye alipiga mwenyewe. Kuna kikundi Bungu, alisema, na kingine upande wa Bumbuli, nao wanalalamika kwamba mfumo unagoma mara kwa mara. Alikuwa akiwaambia ni mtandao wa milimani. Je, dada anaweza kwenda kuwaangalia?

Modesta amekubali. Anaanza na Bungu baada ya mavuno, na hatabeba kitu zaidi ya betri kadhaa na flashi yenye ukurasa wake mdogo. Hajui kama atakuta kosa lile lile. "Pengine wao wana lao kabisa. Nitakaa kwanza nitazame. Hilo ndilo nimejifunza, kukaa."

Kampuni haikuhamisha oda. Msimu huu imeongeza njegere.

Mchana wa siku ya mazungumzo haya, Modesta anapita shambani kwa Rukia akiwa njiani kwenda kwake. Karoti za masika zilishauzwa na kodi ya shamba imelipwa. Matuta yamesawazishwa upya, na Rukia ameinama akimwaga mbegu kwenye mifereji, nyembamba, kwa ncha za vidole.

"Ninachotaka," anasema Modesta akimtazama, "ni siku moja huyu aamke, apate oda yake, aje shambani, asijue kabisa kama kuna mtu anaitwa Modesta kwenye hiyo kompyuta. Siku hiyo nitajua kazi imekamilika, na nitamtolea Mungu sadaka ya shukrani."

"Mimi nikusahau wewe?" Rukia anasema bila kuinuka. "Utangoja sana."

Anaulizwa kama hana wasiwasi, maana vuli nayo haiko mbali.

Rukia anajinyoosha, anashika kiuno, anaangalia shamba lote kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Ningekuwa na wasiwasi ningepanda maharage ya kula," anasema. Kisha anachota mbegu nyingine, anainama tena.